Tulilipia nyangumi tukaonyeshwa papa, ikabidi turudi baharini wenyewe

Naandika ndefu kidogo mnivumilie, maana kila nikikutana na mtu pale sokoni Uyole, hapa Mbeya, ananiuliza eti mama mliwashika kweli wale nyangumi, na ni shilingi ngapi, na nani aliwapeleka. Sasa nimechoka kueleza huku napima viazi, nasema yote hapa mara moja.

Sisi ni kina mama saba wa kikundi cha vikoba, wengi wetu biashara ni viazi na vitunguu, mmoja ana saluni, mmoja mwalimu mstaafu. Kila mwaka siku ya kuvunja kila mtu anaondoka na hela yake na ikifika mwezi wa pili haijulikani imeenda wapi, ndo mwalimu akasema safari hii kabla ya kugawana tukate fungu tukaione bahari. Kati yetu saba wanne hawajawahi kuiona kabisa, maji makubwa wanayoyajua ni Ziwa Nyasa pale Matema.

Mambo ya nyangumi yaliletwa na klipu. Kuna wakala wa safari hapa mjini, simtaji jina, aliweka kwenye stetasi yake klipu ya watu wako kwenye boti ndogo, nyangumi anatoa kichwa majini na wao wanampapasa kama unavyompapasa ng'ombe wakati wa kumkamua, mama mmoja wa kizungu anambusu kabisa. Chini kaandika njoo Mafia Januari uone nyangumi rafiki, nafasi chache. Tukaenda ofisini kwake, kijana mchangamfu, shikamoo kwa kila mmoja wetu, "mama zangu nyie mtawashika kwa mikono yenu, wale wamezoea watu." Laki tisa na nusu kila mmoja, usafiri, kulala siku mbili na boti ndani yake. Tukalipa yote kwa mkupuo na risiti hatukuomba iandikwe ni mnyama gani. Nani angewaza kuomba hivyo?

Krismasi tukachukua Noah tukashuka Matema kujizoesha maji, maana wanaojua kuogelea walikuwa wawili tu. Mama wa saluni alikunywa ziwa nusu. Ila nashauri sana mtu wa huku afanye hivyo kabla hajaenda baharini, ukivaa jaketi la kuokolea kwa mara ya kwanza kwenye kina kirefu unaweza ukapaniki bure.

Safari yenyewe ilikuwa basi Mbeya mpaka Dar, Kitonga tumeshuka na maombi kama kawaida, halafu Mbagala gari dogo mpaka Nyamisati huko Kibiti, halafu chombo mpaka Kilindoni, mji wa kisiwa cha Mafia. Kuna ndege pia toka Dar, kama nusu saa tu umefika, ila sisi tulitaka kubana matumizi na tukabanwa sisi. Nyamisati chombo kinafuata maji, yani kupwa na kujaa, sio saa ya ukutani, kwahiyo ukiambiwa saa mbili we beba chakula.

Asubuhi tukapandishwa boti, mwongozaji kijana wa palepale Kilindoni. Mwalimu akamuuliza mwanangu, nyangumi wako upande gani leo? Yule kijana akatuangalia, akamwangalia nahodha, wakacheka. "Mama, mwezi huu nyangumi hamna. Hapa mnaenda kuona potwe."

Potwe! Papa potwe ni samaki jamani. Mkubwa kuliko samaki wote duniani ndio, lakini ni samaki, anapumua kwa matamvua na mkia wake umesimama wima unaenda kushoto kulia. Nyangumi ni mamalia, anapanda juu kuvuta hewa, ananyonyesha, mkia wake umelala unapiga juu chini. Kijana alitueleza vizuri sana na kwa adabu, akasema potwe wanaonekana karibu na Kilindoni kuanzia kama Oktoba mpaka Machi wakifuata uduvi na dagaa, nyangumi wao wanapita pwani yetu wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, Julai mpaka Oktoba hivi. Kwahiyo tuliuziwa mwezi ambao nyangumi yuko zake huko Antaktika anakula.

Sasa lazima niwe mkweli, potwe nimempenda. Niliingia majini na jaketi langu na miwani, nikaona mdomo unakuja umefunguka kama mlango wa godauni, ndani hamna meno ya kutisha, anachuja tu uduvi, mgongo umejaa madoa meupe kama mtu kamwagia chokaa. Kapita pembeni yangu taratibu wala hana habari na mimi. Sheria yao ni usimguse, ukae kama mita tatu, na mkia uupishe. Wale vijana wa Kilindoni nyota tano, wanazijua kazi zao, na mama mmoja alipoanza kulia kwa hofu yule mwongozaji alimshika mkono muda wote. Tatizo langu ni la yule aliyetuuzia. Ukienda duka ukalipia mchele wa Kyela ukapewa ngano hata kama ngano ni nzuri si umedanganywa?

Tuliporudi Mbeya tukaenda ofisini kwake. Jibu, "mama zangu si mmeona mnyama mkubwa?" Mwalimu akamwambia yule si nyangumi ni samaki, na akamfundisha palepale mambo ya matamvua mbele ya wateja wengine wawili, nadhani wale wateja waliondoka. Tukarudishiwa elfu hamsini hamsini baada ya kwenda mara nne. Nyota moja, na hiyo moja ni ya shikamoo.

Ikabaki ile klipu inaniuma. Mtoto wa dada yangu yuko chuo, nikamwambia nitafutie hawa ni wapi. Kumbe ni Meksiko, sehemu inaitwa San Ignacio, wangwa mkubwa wa maji ya bahari kule Baja California. Wale ni nyangumi wa kijivu, wanashuka toka baharini kaskazini huko karibu na Alaska kuja kuzalia kwenye maji ya uvuguvugu, wanaonekana zaidi Januari mpaka mwanzoni mwa Aprili. Huku kwetu Bahari ya Hindi hawapo. Na cha kushangaza zamani hao hao ndo walikuwa wanaogopwa, wawindaji wa karne ya 19 waliwaita samaki wa shetani maana mama akiona mtoto wake anachomwa mkuki alikuwa anavunja boti. Wavuvi wa pale wakiwaona walikuwa wanagonga boti zao ili nyangumi waondoke. Mpaka mwaka 1972 mvuvi mmoja, Pachico Mayoral, nyangumi alikuja akakaa pembeni ya boti yake hatoki, ndo akanyoosha mkono akamgusa. Tangu hapo mama nyangumi wengine wanasukuma watoto wao mpaka kwenye boti washikwe. Kwahiyo hakuna aliyewafuga wala kuwalisha, wanakuja wakitaka na wasipotaka hawaji. Nilipiga hesabu ya kwenda, visa, ndege za kubadilisha sijui mara tatu, nikaona hiyo ni hela ya kujenga nyumba ya vyumba viwili Isyesye. Nikaiacha klipu ibaki klipu.

Lakini nyangumi wetu wapo, wale wenye nundu, na mwalimu hakutaka kufa kabla hajawaona. Safari hii hatukwenda kwa wakala. Shemeji wa mwenzetu anafanya kazi Mtwara, akatuunganisha kwa simu na nahodha wa Mikindani, na mimi nikamuuliza maswali kama polisi. Mnyama gani? Mwezi gani? Mara ya mwisho umemwona lini? Tusipomwona inakuaje? Akanijibu, "Mwanangu, mimi nyangumi simfugi. Nitakutafutia asubuhi mbili, ukimkosa umemkosa, mafuta ya boti utalipa." Hapo ndo nikamwamini.

Halafu faida nyingine, Mtwara huna haja ya kupitia Dar! Ni Makambako, Njombe, Songea unalala, kesho Tunduru, Masasi, Mtwara, lami. Njombe baridi ileile yetu, ukishapita Tunduru unaanza kuvua masweta moja moja na mikorosho inaanza. Siku mbili za basi mgongo unauma lakini jumla haikufika laki tano kwa mtu, na tulikula pweza. Mwalimu naye akapata lake, maana Livingstone alianzia Mikindani safari yake ya mwisho mwaka 1866, tulihutubiwa nusu saa kwenye jua.

Tulienda katikati ya Septemba. Nahodha alisema Julai na Agosti nyangumi wapo wengi tu ila kusi inakuwa kali na watu wa milimani tutatapika mpaka jina, mwisho wa kusi bahari inaanza kutulia. Tunatoka saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaamka. Tafuna tangawizi, usiangalie simu, angalia mbali. Mimi nilitapika mara moja tu, naona ni ushindi.

Siku ya kwanza tulizunguka masaa matatu hamna kitu. Pomboo tu, wazuri, lakini baada ya yale ya Mafia mimi nilishaanza kununa. Siku ya pili jua limetoka kidogo tukaona kama moshi juu ya maji, kumbe ni pumzi ya nyangumi. Nahodha akapunguza mwendo, hakumkimbilia, akazunguka kwa pembeni, akasema ukimfuata nyuma au ukamkatia mbele unamtisha, na huyu ana mtoto. Mtoto! Wanakuja huku kuzaa na kupandana, mtoto anazaliwa ana zaidi ya mita 4 tayari, mama kama mita 14 na uzito wa malori, na muda wote huo mama hali karibu chochote, ananyonyesha kwa mafuta aliyobeba mwilini toka kusini. Kila mwanamke kwenye ile boti alinyamaza.

Akazima injini kwa mbali, kama mita 100, tukakaa tunayumba. Na hapo nikaelewa mambo ya kukaribiana, sio sisi kwenda. Mama alibaki mbali na mtoto wake, lakini mwingine, kijana nadhani, akaibuka upande wa pili karibu kama toka mlangoni kwangu mpaka kwa jirani anayeuza mkaa, puuuh, yale maji yakatufikia usoni. Harufu yake jamani! Dagaa waliooza siku tatu. Akalala ubavu, akatutazama kwa jicho moja, akainua mkia akazama. Chini ya mkia ana mabaka meupe na meusi, na kila nyangumi ana mabaka yake kama alama za vidole, ukipata picha nzuri unaweza kumtambua mwaka mwingine. Mimi picha yangu ni maji na kidole changu.

Kitu ambacho hakuna klipu iliwahi kunionyesha ni kile cha mwisho. Nahodha akasema lazeni sikio kwenye mbao chini ya boti, nyamazeni. Mwalimu na miaka yake akalala kifudifudi. Akakaa hivyo mpaka nikaogopa. Nikalala na mimi, nikasikia kitu kama mlango mkubwa unalalamika, halafu kinapanda juu kama mtoto anaita, kinarudi chini. Ni madume yanaimba. Lile dume hatukuliona kabisa, sijui lilikuwa umbali gani, ila tulilisikia tumboni.

Hatukumshika yeyote na nahodha alituambia mapema kwamba hatutamshika. Bei haikuongezeka njiani, majaketi yalikuwa saba mazima na vifungo vyake, aliyetapika hakuchekwa. Nilitaka kumpa nyota tano, nimekata nusu nyota kwa sababu boti haina choo na sisi ni wanawake saba tuliokunywa chai ya tangawizi saa kumi na moja alfajiri. Nilimwambia mwenyewe. Akasema mwakani ataweka pazia na ndoo.