Hifadhi ya picha za mafunzo iliyoniambia sioni

Jana niliipa nyota moja. Leo naipa mbili, na wangenijibu kwa adabu pengine zingekuwa nne.

Mimi ni mwanagenzi wa radiolojia. Hifadhi yenyewe huchukua picha za wagonjwa halisi zilizokwisha kazi yake wodini na kuzigeuza mtihani: unataja ulichokiona, unaambiwa umepata au umekosa. Wazo zuri sana, sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni kisa kimoja cha sitiskani (CT scan) ya kichwa. Mgonjwa mkono umelegea ghafla, kafikishwa mapema. Nafungua. Fuvu linang'aa, kila mshono unauona, lakini ubongo wote ni uji wa kijivu. Natafuta pa kubadilisha dirisha, yaani ule upeo wa vipimo unaogawiwa rangi za kijivu, hakuna. Picha ni JPEG, imeganda. Aliyehamisha mafaili aliyahamisha yakiwa kwenye dirisha la mfupa, lile pana la kutazamia mifupa, akaenda zake.

Kwa asiyeijua kazi hii: kwenye vipimo vya sitiskani hewa ni -1000, maji ni 0, na tofauti kati ya sehemu ya kijivu ya ubongo na ile nyeupe ni kama 10 tu. Kiharusi kichanga huanza kwa kufuta hicho kitofauti. Sasa tandaza vipimo 2000 vya dirisha la mfupa kwenye rangi 256 za kijivu: kila rangi inameza karibu vipimo 8. Hapo utaona nini? Ndiyo maana tunafundishwa kulibana dirisha hadi 40 hivi. Kubana huko ndiko kusoma kwenyewe.

Nikaandika "picha haisomeki". Likatoka jibu jekundu: "Umekosa. Kiharusi kiko wazi upande wa kushoto." Wazi!

Nikawaandikia kwa upole, nikaeleza yote hayo. Wakanijibu: "Ndugu mwanafunzi, picha hii wameisoma wengi na hakuna aliyelalamika. Tunakushauri uongeze mazoezi." Niliisoma mara tatu, maana nilishaambiwa sioni. Nikaandika tena. Safari hii mstari mmoja: wanatumia JPEG ili kulinda siri za wagonjwa.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Kwenye faili la DICOM, muundo wa picha unaotumika hospitalini, jina la mgonjwa limo katika maelezo yanayoandamana na picha. Unayafuta, picha inabaki na vipimo vyake vyote. Jina linalosumbua ni lile lililochapwa juu ya picha yenyewe, kama ilivyo kwenye ultrasaundi nyingi, na hilo ukiigeuza JPEG linabaki vilevile. Najuaje? Humohumo kwao nimekuta ultrasaundi ya kifuko cha nyongo yenye jina kamili la mtu kwenye kona ya juu. Nimeripoti. Mara ya mwisho kutazama lilikuwa palepale.

Basi, nyota moja, nikafunga kompyuta.

Halafu, zamu ya usiku. Kaletwa mtu aliyepatwa na degedege, bega linamuuma, mkono hauzunguki kwenda nje. Eksirei ya mbele inaonekana salama, na mwenzangu keshaandika kwamba hakuna tatizo. Mimi nikaganda kwenye kichwa cha mfupa wa mkono: kimeviringana kama balbu. Nilishakiona kwao! Bega lililochomoka kwa nyuma, kisa nilichokikosa mara mbili hadi nikakichukia. Nikaomba picha ya kupitia kwapani. Limechomoka kweli. Bega la namna hiyo ni adimu, ningeweza kumaliza mafunzo bila kulikuta hata mara moja, na huyu mtu angerudi nyumbani na dawa ya maumivu.

Kwa hiyo sijui niwaambieje. Eksirei zao za mifupa chukueni, narudia, chukueni. Sitiskani za kichwa msiziguse, na ultrasaundi zao zinanitia aibu hata kuzifungua.

Nilitaka kupandisha hadi tatu. Kabla ya kubonyeza nikakifungua tena kile kisa cha kiharusi, labda wamekirekebisha. Uji uleule. Nikaandika "kiharusi, kushoto" bila kuona chochote, nikapewa alama zote.

Mbili.