Tulipoipweleza Mashua Yetu Mikindani: Huduma ya Fundi wa Vyombo

Mimi na mume wangu tuliingia katika ghuba ya Mikindani mwishoni mwa Februari, majuma 11 baada ya kutoka Tanga kwa mashua yetu wenyewe ya mita 9. Tathmini hii inahusu huduma moja tu tuliyoipata huko, yaani huduma ya fundi wa vyombo vya baharini aliyeipweleza mashua hiyo kwa kuipandisha nchi kavu, akaitengeneza na kukubali kuilinda mpaka tutakapoirudia. Fundi hapendi jina lake litangazwe, lakini atakayeshuka kwenye daladala na kuuliza panapotengenezwa vyombo ataonyeshwa bila kuzungushwa.

Naanza na saa ya kufika, kwa sababu ndiyo iliyotuonyesha tumeangukia mikononi mwa nani. Tulikuwa tumechoka. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kumsaidia anayeshuka kusini, lakini mkondo wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo chombo kidogo hukimbia kutwa nzima na bado nahodha huiona minazi ile ile asubuhi na jioni. Tangu Kilwa Masoko tulikuwa hatuzungumzii mwisho wa safari, ingawa sote tulijua umekaribia. Tulipotia nanga Lindi tulikaa jioni nzima tukitazama kivuko kikienda na kurudi Kitunda, wala hakuna aliyelitaja neno Mikindani. Mbele ya hapo kulibaki Mtwara, Msimbati, mlango wa Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji, na bega la kulia la mume wangu lilikuwa limekwisha kukataa kuvuta henza, kamba ya kupandishia tanga.

Fundi alitujia kwa mtumbwi kabla hatujamaliza kukunja tanga. Alituamkia, akauwekea ubavu wa mashua kiganja chake na kukiacha hapo kwa muda, kisha akauliza, "Mwenye chombo ni nani?" Nikamjibu kwamba ni sisi sote wawili. "Basi nitasema nanyi wote wawili, mama," akasema, na kuanzia hapo hakutoa ushauri wowote mmoja wetu akiwa hayupo. Wanawake wanaosafiri baharini na waume zao watanielewa. Tangu Tanga nilikuwa nikishika usukani nusu ya kila siku na nusu ya kila usiku, lakini karibu kila bandari watu walimsemesha mume wangu, mimi wakaniuliza kama nina maji ya kunywa.

Tulitaka aipandishe mashua kesho yake, naye akakataa. Tulikuwa tumefika wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana wala kupwa sana, na chombo kinachopwelezwa katika maji hayo hubaki chini, ambapo bamvua inayofuata, yaani maji makubwa, itakifikia, kukinyanyua na kukigotesha mchangani mara mbili kila siku. Anayetaka kuacha chombo chake nchi kavu kwa miezi ya masika husubiri bamvua ya mwezi mpevu au ya mwezi mwandamo, akakipandisha maji yanapofika kikomo, ambapo kwa pwani hii ni mnamo saa 10 jioni. Alitueleza hayo akichora kwa kidole kwenye unyevu wa ubao, na kwa siku sita alizotuambia tusubiri hakutuomba hata shilingi. Nalitaja hili kwa sababu mwezi mmoja kabla, katika bandari nyingine, mtu alizipokea fedha zetu siku ile ile tuliyofika, akatupweleza kwa haraka juu ya matumbawe, na usiku kucha tulisikia mkuku, mti mkuu wa chini kabisa wa chombo, ukigota hadi alfajiri.

Siku hizo sita nazihesabu kuwa sehemu ya huduma ingawa hazimo kwenye risiti. Laiti angetupandisha siku ya kwanza tungebeba mizigo na kukimbilia basi, safari ikakatika kama kamba. Badala yake tulibaki juu ya mashua, ndani ya ghuba tulivu iliyozungukwa na nchi karibu pande zote, tukitoa vitu kimoja kimoja: sufuria lililopinda kwenye mawimbi ya Mafia, daftari la zamu zetu, tochi mbili zilizokufa. Jioni tulipanda kuzunguka mji. Mikindani imewazoea wasafiri. Livingstone aliianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama juu ya nyumba za mawe. Siku ya nne, tukirudi kutoka huko, mume wangu ndiye aliyelisema kwanza, kwamba kusi itakapoanza hatairudisha mashua Tanga mwaka huu. Nilimwambia nami nilikuwa nikisubiri aliseme. Tulitembea mpaka ufukoni tukiwa tumeshikana mikono, jambo ambalo si kawaida yetu barabarani.

Siku ya bamvua walikuja vijana saba na kamba. Maji yalipopwa, mashua ilibaki wima juu ya gadi, yaani magogo ya kuiegemeza, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba tuliweza kuizunguka kwa miguu. Waliwasha makuti makavu na kuyapitisha chini ya ubavu, moto ukiramba mbao bila kuzishika, ili kumuua mdudu anayetoboa mbao na kukausha majani ya bahari yaliyoota. Kisha fundi akachukua nyundo ndogo na kuanza kugonga ubao mmoja mmoja, sikio lake likiwa shubiri moja tu kutoka kwenye mbao. Sauti ilikuwa kavu na kali mpaka alipofika karibu na mkuku upande wa kushoto, ikageuka nzito kama anayegonga gunia. Alituita sote wawili, akatupa nyundo tugonge wenyewe. Hapo ndipo ile bandari ya matumbawe ilipotuachia alama yake, na katika majuma manne ya kufua maji ya ngama, yaliyojikusanya chini ndani ya mashua, kila zamu hatukujua yanaingilia wapi. Aliukata ubao ule, akapachika mpya, akang'oa kalafati, yaani pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, ya zamani iliyokuwa imeoza na kuwa nyeusi, akaipigilia kalafati mpya ya pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi, na mwisho akapaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu.

Kupandisha kulitugharimu shilingi 120,000, ubao, kalafati na deheni shilingi 310,000, na ulinzi ni shilingi 2,000 kwa siku. Kwa kazi niliyoiona kwa macho yangu, bei hiyo ni ya haki. Kasoro zipo. Kodi ya gadi, shilingi 30,000, haikutajwa mpaka siku ya malipo, na kwa mtu aliyetueleza kila kitu kwa uwazi jambo hilo liliniudhi. Alikiri kosa, akasema alidhani tunajua. Ghala lake la vifaa lina bati linalovuja pembeni, na ilibidi tuombe tanga liinuliwe juu ya mbao lisiguse sakafu. Risiti huandikwa ukiomba tu, kwa hiyo uiombe. Kazi ilisimama siku mbili kwa msiba wa jirani, nasi tulikwenda kuzika pamoja nao. Hilo silihesabu kuwa kasoro.

Atakayemfuata na aitazame kalenda ya mwezi kabla ya kutoka Lindi, ili afike siku mbili tatu kabla ya bamvua, na abebe fedha taslimu, la sivyo atazifuata Mtwara mjini, umbali wa kilomita 10 hivi. Nyumba ya wageni tuliyolala baada ya kushuka ilikuwa safi, na zaidi ya hapo sina la kusema juu yake, ila kwamba usiku wa kwanza niliamka saa 8 kushika zamu yangu nikamkuta mume wangu ameketi ukingoni mwa kitanda, anasubiri nimpokee.

Siku ya kuondoka fundi aliuchomoa usukani na kuufungia ghalani, lakini kana, mti wa kushikia usukani, aliitoa, akaifuta kwa kitambaa na kunikabidhi mimi. Alisema mwenye chombo huondoka na kana yake, kwa sababu asiye nayo hawezi kukipeleka chombo popote, na kwa sababu atakayeiona nyumbani kila siku hatasahau kurudi. Kwenye basi la Dar es Salaam kondakta alitaka kuiweka kwenye buti pamoja na magunia ya korosho. Mume wangu alikataa. Niliifunga kwa kanga, tukailaza miguuni mwetu, na kila basi lilipoyumba kwenye kona mmoja wetu alinyoosha mkono na kuishika.