Nauli ya Chini, Mzani wa Kilo Saba na Lango Lisilo na Mtu

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo bidhaa iliyo mezani ni tiketi ya ndege ya nauli nafuu, Nairobi hadi Mombasa na kurudi, niliyoilipia mwenyewe kwa M-Pesa. Shirika lililoniuzia sitalitaja.

Tuanze na bei. Treni ya SGR, daraja la kawaida, hutoza shilingi 1,500 tangu Januari 2024 na hukuchukua saa tano na zaidi, ilhali ndege haimalizi hata saa moja angani. Anayekata tiketi ya bei ya chini ananunua kiti na muda, basi. Maji ya kunywa, kiti cha dirishani na begi la kuingia tumboni mwa ndege vina bei zake, na hilo halinikeri, maana ndiyo hesabu inayoishusha nauli. Southwest ya Marekani ilipouza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo mwaka 1972, ilijifunza kushusha abiria na kupakia wengine kwa dakika kumi ili ratiba isivunjike, kwa kuwa ndege iliyoegeshwa haiingizi pesa. Ajabu ni kwamba shirika hilo hilo lilibeba mabegi bila malipo hadi Mei 2025, kwa hiyo msidhani nauli ndogo na ada ya mzigo ni pacha.

Kwenye kaunta pale uwanja wa Jomo Kenyatta, begi langu la mkononi lilisoma kilo 8.6, nami nimeruhusiwa 7. Nikatoa jaketi nikalivaa, nikachomoa viatu nikavishika mkononi, mzani ukashuka hadi 6.9, kisha mimi na vitu vyangu vile vile tukapanda ndege. Mhudumu alicheka. Ndege haikupungua hata gramu moja, lakini sharti lile nililisoma kabla ya kulipa, na sina la kumlaumu mtu.

Kilichonishinda ni safari ya kurudi. Tulipaswa kuondoka Mombasa saa moja na dakika kumi jioni. Saa ikapita, kioo cha matangazo kikaendelea kudai kwamba ndege iko kwa wakati, na langoni hapakuwa na mfanyakazi hata mmoja wa shirika. Mama mmoja aliyempakata mtoto akamwuliza askari wa lango, “Mwanangu, tuambie tu, tungoje ama tutafute pa kulala?” Kijana akajibu kwa upole kwamba hata yeye hajaambiwa, kisha akamtafutia kiti. Ujumbe wa kuomba radhi uliingia kwenye simu baada ya kungoja kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini, tukiwa tayari tumepanga foleni ya kupanda.

Hapo sikubali kuambiwa kwamba nililipa kidogo. Kanuni nambari 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, hudai abiria wa safari fupi aliyecheleweshwa saa mbili apewe chakula na kuelezwa haki zake, na haiulizi tiketi iliuzwa bei gani. Hata Ryanair, shirika la ndege la nauli nafuu la huko Ulaya linalosifika kwa kutoza kila kitu, linabanwa nayo. Isitoshe, kumtuma mtu mmoja langoni aseme “ndege haijatoka Nairobi” hakuongezi mafuta wala marubani.

Nauli naipa alama nane kati ya kumi. Huduma wakati wa kuchelewa naipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule askari.