Kidonda cha Nje ya Uke: Pap Smea au Biopsi?

Akina mama wengi hapa Kisumu, pap smea ikirudi safi, hushusha pumzi. Lakini kipimo hicho cha kutafuta dalili za saratani huchukua seli za mlango wa kizazi tu. Saratani ya vulva, yaani ya sehemu za nje, ni adimu, na pap smea haikuundwa kuitafuta.

Muwasho usioisha, uvimbe, au kidonda kilichokataa kupona hata baada ya krimu ya fangasi, huhitaji biopsi. Daktari hudunga ganzi, hukata kinyama kidogo, kisha mtaalamu wa patholojia hukichunguza kwa darubini. Sindano inauma kidogo, ndiyo, na majibu huenda yakachukua siku kadhaa. Hapo mimi nachagua biopsi bila kusita. Dada yangu, ukielekezwa hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, nenda, usione haya.