Kutalii kwa ajili ya mafuta ya zeituni Jaén: nenda msimu wa kukamua

Kama unataka safari ya mafuta ya zeituni, nenda mkoa wa Jaén, kusini mwa Hispania, na uende kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Ukienda Julai utaoneshwa mashine zilizooshwa zikakaushwa, na video ukutani. Wakati wa mavuno kinu kinanguruma mpaka usiku, matrekta yamepanga foleni langoni, na harufu inakupokea kabla hujashuka kwenye gari, harufu ya majani mabichi yaliyopondwa na nyasi zilizofyekwa sasa hivi.

Mkoa huu una mizeituni zaidi ya milioni 60. Simama kwenye kuta za kale za mji wa Baeza, tazama bonde la mto Guadalquivir: mistari ya miti inashuka, inapanda vilima, inaishia chini ya milima ya Sierra Mágina. Mwaka wa mvua nzuri, Jaén peke yake hukamua mafuta mengi kuliko Ugiriki nzima. Baeza na jirani yake Úbeda zimo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2003 kwa sababu ya majengo yake, basi hata mwenzako asiyejali mafuta hatachoka. Mimi nilifuata mafuta.

Kinu kilichonikosha ni kidogo, cha familia, nje kidogo ya mji. Ziara inaanzia shambani. Mashine inalikumbatia shina, inalitikisa sekunde chache tu, zeituni zinamwagika kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Zile zilizogoma zinapigwa kwa fito ndefu. Mama aliyetutembeza, ambaye wageni wasipokuwepo anafanya kazi kinuni, alipasua tunda moja kwa kisu. Lilikuwa la aina ya picual, bado kijani, zambarau ikianza tu upande mmoja. Akatueleza kwamba zeituni changa namna hii zinatoa mafuta kidogo, kwa hiyo lita moja inakula matunda mengi zaidi kuliko zikingojwa ziwe nyeusi, lakini harufu na ukali wote umo humo. Mwenye shamba anachagua: wingi au ladha.

Ndani ya kinu, tunda linaoshwa na kusagwa zima zima, kokwa na yote, kisha uji wake unakorogwa polepole, joto likizuiwa lisifike nyuzi 27. Ukiupasha zaidi utapata mafuta zaidi, ila manukato yanapotea. Baada ya hapo mashine inauzungusha kwa kasi kubwa, maji na mashudu yanatengwa na mafuta. Nilisimama mbele ya bomba la mwisho muda mrefu kuliko wenzangu. Yanatoka ya kijani kibichi, yana ukungu, na huwezi kuamini ni kitu kimoja na yale ya manjano tuliyozoea. Vaa viatu visivyoteleza, maana sakafu ni mafuta matupu.

Kisha kuonja, na hapa ndipo nilipoona thamani ya safari yote. Glasi ni ndogo na ya buluu iliyokolea, makusudi, usije ukadanganywa na rangi. Unaipasha kiganjani, umeifunika kwa mkono wa pili, halafu unanusa. Glasi ya kwanza yule mama alitupa bila kusema kitu. Wengi wetu tukasema ni mazuri, laini. Kumbe yalikuwa yamechacha, yananuka njugu zilizosahauliwa kabatini. Ya pili yalitokana na zeituni zilizolundikwa siku kadhaa kabla ya kukamuliwa, na uvundo wake ukishaujua hausahauliki. Ya tatu yalikuwa ya wiki ile. Unayavuta pamoja na hewa, uchungu unatandaa ulimini, halafu ukali unashuka kooni mpaka unakohoa. Kikohozi hicho ni cha oleokanthali, kemikali ya asili iliyomo kwenye mafuta haya. Mwaka 2005 wanasayansi waliripoti kwamba inazuia vimeng'enya vilevile vinavyozuiwa na dawa ya ibuprofen.

Kwa kanuni za huko, mafuta hayaandikwi virgen extra, yaani daraja la juu kabisa, kwa vipimo vya maabara pekee. Asidi isizidi asilimia 0.8, sawa, lakini lazima pia jopo la waonjaji liyanuse na kuyaonja, na lisikute kasoro hata moja. Pua ya binadamu ina kauli ya mwisho. Ndiyo maana nasema ziara isiyokuonjesha mafuta mabaya haijakufundisha chochote.

Na ziara za namna hiyo zipo. Kinu kingine, kikubwa, kinachopokea mabasi, kilitupa vipande vya mkate na vikombe vya plastiki, tukachovya, tukasukumwa dukani. Chupa angavu zilikuwa zimepangwa dirishani, jua likizichoma. Mwanga unaharibu mafuta, na watu wa kinu wanalijua hilo kuliko mimi! Nikauliza yamevunwa lini, sikupata jibu. Sikununua kitu na siwezi kumshauri mtu apoteze asubuhi yake pale.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, waandikie uulize kama kinu kitakuwa kinakamua siku hiyo, na kama mtaonjeshwa na yenye kasoro. Uliza lugha pia, kwani ziara nyingi ni za Kihispania. Ukibaki na nusu siku, pita kwenye Jumba la Makumbusho ya Utamaduni wa Mzeituni pale Puente del Obispo, karibu na Baeza; vinu vya zamani, vilivyokamua kwa uzito wa boriti, ni vikubwa ajabu, na bustani ina mizeituni ya aina nyingi unayoweza kuilinganisha majani kwa majani.

Ukinunua, chukua ya kopo au chupa nyeusi yenye mwaka wa mavuno, uyafungie kwenye begi la kupakia chini ya ndege, na uyatumie ndani ya mwaka. Hayazidi uzuri kwa kuwekwa.