Huduma ya Video kwa Walezi wa Watoto Wachanga: Tathmini Baada ya Ziara Sita

Binti yetu alipotimiza miezi minne, mimi na mume wangu tulijiandikisha katika huduma ambayo mshauri huja nyumbani, humrekodi mlezi akimlisha mtoto, akimvisha au akicheza naye kwa dakika kama 10, kisha katika ziara inayofuata huitazama video hiyo pamoja naye kipande kwa kipande. Thamani yake yote imo katika pale mshauri anaposimamisha picha.

Katika ziara ya pili aliisimamisha mtoto alipogeuza uso pembeni. Mimi nilikuwa nikiendelea kutikisa kichezeo mbele ya macho yake nikidhani amechoka kukaa bila kuchangamshwa, kumbe alikuwa anapumzika. Baada ya sekunde chache aliyarudisha macho mwenyewe, akanikuta bado natikisa, akageuka tena. Niliumia kuona nilivyompora zamu yake. Tangu hapo nilijifunza kusubiri, na aliponigeukia na kutoa sauti yake ndogo niliiitikia kwa sauti inayofanana nayo, naye akajibu.

Mshauri aliyaunganisha tuliyoyaona na utafiti bila kutulemea. Alitueleza kwamba mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewachunguza watoto na mama zao nchini Uganda katika miaka ya 1950 na baadaye Baltimore, Marekani, aliuhusisha mfungamano imara, yaani mtoto kujihisi salama na kumtegemea mlezi wake, na uwezo wa mlezi wa kuitambua ishara ya mtoto, kuielewa ipasavyo na kuiitikia kwa wakati. Mwaka 1972, yeye na mtafiti mwenzake Silvia Bell walieleza kwamba watoto walioitikiwa upesi walipolia katika miezi ya mwanzo walilia kidogo zaidi kuelekea mwisho wa mwaka wao wa kwanza. Maelezo hayo yalinitua mzigo, kwa kuwa nilikuwa nimeonywa mara nyingi kwamba nikimbeba kila anapolia nitamdekeza.

Ripoti ya maandishi, kwa upande mwingine, siwezi kuisifu. Kila ishara niliyoikosa ilihesabiwa kuwa upungufu, na mwishoni nikapewa alama. Kazi za Edward Tronick, mwanasaikolojia anayechunguza mawasiliano ya watoto wachanga na walezi wao, zimeonyesha kuwa hata mlezi na mtoto wanaoelewana vizuri hupishana mara kwa mara, na kwamba kurejeana baada ya kupishana ni sehemu muhimu ya mazungumzo yao. Mama anayepambana na sonona baada ya kujifungua akikabidhiwa alama kama ile, nahofia atakata tamaa badala ya kujaribu tena.

Pia mume wangu hakurekodiwa hadi tulipoomba, katika ziara ya tano, ilhali mtoto hufungamana na zaidi ya mtu mmoja. Ningejiandikisha tena kwa sharti kwamba walezi wote warekodiwe tangu mwanzo na alama ziondolewe. Katika video ile moja ya mume wangu, mtoto alipiga chafya, baba akanyamaza akimtazama, na wote wawili wakacheka kwa wakati mmoja. Mshauri aliirudisha sehemu hiyo mara tatu.