Gari dogo la dizeli hapa Dodoma: walionicheka kaunta ndio walioniuzia

Kama unaishi Dodoma mjini na safari zako za kila siku ni kazini, shuleni kwa watoto na soko la Majengo, usinunue gari dogo la dizeli, hasa haya ya kisasa yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Naandika nikiwa bado na hasira. Anayetaka kujua ukubwa wa buti au idadi ya mifuko ya hewa atayapata hayo kwingine. Mimi nina jambo moja la kusema kuhusu gari hili, na mengi kuhusu watu walioniuzia.

Nililinunua katika yadi moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja. Nilikwenda nikitafuta gari la petroli la kawaida, lile ambalo fundi yeyote wa mtaani hulifungua na kulifunga huku akipiga soga, na aliyenigeuza mawazo ni muuzaji wao, kijana mwenye maneno matamu. Aliniambia kwamba dizeli hula mafuta kidogo, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli, na injini yake hubana hewa kwa nguvu mpaka mafuta yanawaka yenyewe bila cheche ya plagi. Aliniambia pia kwamba ushuru hautanilemea kwa sababu tu ni dizeli, na hilo nalo si uongo, kwa kuwa ushuru wa bidhaa kwa magari huangalia ukubwa wa injini na umri wa gari. Nilimweleza waziwazi kwamba nakaa Ilazo, kazi yangu iko mjini, watoto wanasoma Area D, na Manyoni kwa wazazi naenda kwa nadra. Akanijibu, "Mama, hili ndilo gari lako kabisa. Utasahau hata njia ya sheli."

Kuhusu sheli, alinipa nusu ya habari. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta nchini, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa Dodoma hulipa zaidi ya watu wa Dar es Salaam kwa sababu ya gharama za kusafirisha mafuta, lakini hakuna sheria inayosema dizeli lazima iwe nafuu kuliko petroli. Mwaka 2022 tuliiona dizeli ikiipita petroli kwa bei, na siku hizo mwenye gari la dizeli alikuwa akipiga hesabu zake upya.

Miezi ya mwanzo sikuwa na neno. Gari lilikuwa na nguvu, lilikuwa na ubaridi mzuri katika jua letu hili, na kweli halikuwa na kiu. Kisha, mwishoni mwa kiangazi, ikawaka taa ya njano yenye mchoro wa kisanduku chenye vitone ndani yake. Baada ya siku chache ikafuata taa ya cheki injini, na gari likaishiwa nguvu kabisa: unakanyaga, linanguruma, haliendi. Katika barabara ya kuelekea Nzuguni bajaji zilikuwa zinanipita, na madereva wake wananigeukia kunitazama.

Nikalirudisha pale pale yadi, kwa kuwa wana gereji yao na nilikuwa na karatasi ya waranti mkononi. Nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima, nikitazama watu waliokuja baada yangu wakihudumiwa na kuondoka. Fundi wao alipofika hakunisalimu. Alifungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa tambara, akakichovya tena, kisha akaniletea usoni. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi kama chai ya rangi, na ilinuka dizeli tupu. Akacheka, akawageukia wateja wengine kana kwamba wote tumekuja kuangalia mchezo, akasema, "Mama, nani alikudanganya ununue dizeli ya kuendea sokoni?"

Nikamnyooshea kidole yule kijana wa mauzo, ambaye alikuwa amesimama hapo hapo kaunta akijimiminia chai. Nilitegemea aone haya. Alikoroga sukari yake taratibu, akasema, "Sisi tunauza gari, mama, hatuuzi namna ya kuliendesha." Kaunta nzima ikaangua kicheko. Nimehudumiwa vibaya mahali pengi katika maisha yangu, lakini kuchekwa na mtu aliyepokea fedha zangu, tena mbele ya watu, kwa ushauri alionipa yeye mwenyewe, hilo lilikuwa jipya.

Maelezo aliyonipa fundi baada ya kicheko kuisha yalikuwa sahihi, na hilo ndilo linalozidi kuniudhi, kwa sababu linaonyesha kwamba walijua tangu mwanzo. Kichujio kile hukusanya masizi, na gari likishapata mwendo mrefu usiokatika huyachoma lenyewe kwa joto linalokaribia nyuzi 600 za Selsiasi. Ili kulifikia joto hilo, kompyuta ya gari kama langu huongeza dizeli kwenye silinda. Ukizima gari kabla kazi haijaisha kwa sababu umeshafika getini shuleni, masizi hubaki, na sehemu ya ile dizeli ya ziada huteremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili, ndiyo maana oili inapanda badala ya kupungua. Oili iliyochujuka hivyo hailindi tena injini. Ongeza na mafuta yenyewe: kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza mwaka 2015 kiliruhusu dizeli yenye salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, wakati Ulaya na Japani, ambako magari haya yalikusudiwa kutembea, kikomo ni sehemu 10. Kwa hiyo kichujio kinaanza safari na mzigo hata kabla sijawasha gari kupeleka watoto.

Dawa waliyonipendekezea ni kukitoboa kichujio na kuidanganya kompyuta ili isiwashe taa tena, kwa bei ambayo wala sitaiandika hapa. Nilikataa. Sikuona sababu ya kuwapulizia masizi wanafunzi waliopanga foleni getini, ambao miongoni mwao wamo wangu. Waranti nayo, wakanisomea kwa sauti kama vile sijui kusoma, haihusu kichujio.

Fundi wa mtaani, mzee mmoja wa Chang'ombe ambaye hana kaunta wala benchi, alikishusha, akakiosha, akamwaga oili yote na kuweka ile ya majivu machache inayotakiwa kwa magari yenye kichujio, kisha akaniambia kwa upole, "Sasa mwanangu, nenda kawasalimie wazazi." Nikaelekea Manyoni.

Hapa sina budi kusema ukweli ingawa unaharibu hasira yangu. Kuanzia Bahi gari lilibadilika. Kutoka Kintinku barabara inapopanda ukuta wa Bonde la Ufa, pale ambapo magari madogo ya petroli huanza kulia na dereva hushusha gia akiomba Mungu, langu lilipanda huku likivuta kwa utulivu, likayapita malori mawili yaliyokuwa yanakohoa mbele yangu, na taa zote zikiwa zimezimika. Nilifika nikiwa nimetumia mafuta kidogo mno, hata baba akadhani geji imekufa. Kwa saa zile mbili nililipenda gari hili kuliko gari lolote nililowahi kuendesha. Mtu angeniuliza pale, ningemwambia anunue dizeli na asisikilize maneno ya watu.

Lakini nikarudi Ilazo, na Jumatatu ikafika. Nani atakwenda Manyoni kila wiki ili ekzosi ipate joto? Hata ile safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, ambayo ingehalalisha dizeli, tangu treni ya SGR ilipofika Dodoma mwaka 2024 naifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti huku gari limelala nyumbani. Taa ya kisanduku imeshawaka tena.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kulipatia gari nyota moja. Nalipatia tatu, kwa sababu kosa si lake: limetengenezewa njia ndefu na likauzwa kwa mtu wa njia fupi. Wala sisemi dizeli zote ni mbaya. Pikapu za zamani zisizo na kichujio zinatembea vijijini kwetu mpaka leo, moshi wake ukiwa habari nyingine. Yadi naipa sifuri, na kama kungekuwa na kitu chini ya sifuri ningeipa hicho. Niliwaandikia kudai gharama za kusafisha kichujio na hadi sasa wamekaa kimya, isipokuwa ujumbe mmoja wa kunitangazia magari mapya yaliyoingia, yakiwemo mawili ya dizeli "yanayofaa mjini".

Shemeji yangu anayepeleka sampuli za alizeti kati ya Manyoni na Singida karibu kila siku amelitaka gari, na nadhani kwake litafaa sana. Nimemweleza habari ya kichujio, oili na salfa kabla hatujagusia bei, akasema bado analitaka. Likishaondoka nitatafuta la petroli, hata likiwa kuukuu, ila si kwenye yadi ile.